Sura Yake Kwenye Kioo cha Nyuma

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Matundu, na mkewe amenisisitizia nisimpambe, kwa hiyo sitampamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, akiwa mtoto wa tatu wa mpaka rangi na mshona nguo, akaanza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari Novemba 1978 kwa alama za kawaida na kelele zisizo za kawaida, maana tangu utotoni alikuwa haambiliki wala hasemezeki.

Alianza kazi mwaka 1979 kwa kuchora mabango kwa brashi, na mwaka 2004 akahamia kwenye stika zenye matundu madogo, zile zinazobandikwa kwenye vioo vya maduka na magari, aliye nje akaona picha na aliye ndani akaona barabara, na hapo ndipo tulipokiona cha moto. Hakuweza kupita stika iliyobandikwa vibaya bila kutia mkono. Dereva wa gari la mkate alitoka kunywa chai akakuta kioo chake cha nyuma kimebanduliwa stika, eti stika ile haikuwa na matundu na angekuja kugonga mtoto, na mfamasia aliacha kumsalimia baada ya kuambiwa mbele ya wateja kwamba dirisha lake lina mapovu kama sufuria ya uji.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1987, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na shemeji akavumilia mengi, likiwemo dirisha la sebuleni lililobandikwa maporomoko ya maji, ambapo taa ikiwashwa ndani mambo yaligeuka, mtaa mzima ukawatazama wakila, naye akashikilia kwamba kosa ni la taa. Shemeji ndiye aliyezunguka kuomba radhi kwa kila aliyeudhiwa, hadi akachoka, akamwambia wazi kwamba siku akifa watakaomzika ni yeye na watoto tu, hakuna mwingine atakayekuja.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba mwaka jana, akalazwa mara mbili, huko nako akawagombeza wauguzi kwa ajili ya stika ya mlango wa maabara, na akafariki tarehe 3 Juni mwaka huu, akiacha agizo kwamba abebwe kwa gari lake la kazi na picha ya kioo cha nyuma isiguswe, picha ya sura yake mwenyewe, amekenua meno yote, na namba ya simu chini ya kidevu.

Leo asubuhi shemeji aliagiza ibanduliwe, mwanawe akajaribu kwa maji ya moto na kisu, haikuachia hata ncha, maana marehemu alijua kubandika, basi shemeji akapanda kando ya jeneza amefura kwa hasira. Lakini kutoka ndani sura ile haikuwepo. Aliona barabara, akaliona gari la mkate, akamwona mfamasia akitembea na koti lake jeupe, na watu nyuma yao mpaka kwenye kona, akawatazama njia nzima huku akilia, nanyi mliokuwa mnaona meno tu hamkujua kwamba mnaonekana.

Kwa hiyo shemeji anapowashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake, hashukuru kwa mazoea, amewaona mmoja mmoja. Pumzika kwa amani, kaka, shemeji amesema stika ibaki.