Fundi Sentimita Aliyeokoa Chumba cha Kusomea

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, seremala wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Tunamwita Fundi Sentimita, kwa sababu mbele yake hakuna anayethubutu kusema "nafasi haipo" kabla yeye hajatoa utepe wake wa kupimia.

Alianza kwa kukarabati madawati. Milango yote ya bweni la wasichana ameitengeneza yeye, na hakuna hata mmoja unaokwaruza. Lakini kazi tutakayoisimulia mpaka tuzeeke ni ile ya ofisi.

Mwaka juzi makarani walifika tisa katika ofisi ya watu watano. Mwalimu Mkuu akaamua kuwapa chumba chetu cha kusomea. Fundi akaomba wiki moja tu ajaribu kwanza kuwaweka wote tisa katika ofisi ileile. Akakata vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja saizi ya meza, akavipanga sakafuni hadi vyote tisa vikaenea. Meza zikaingizwa, watu wakapiga makofi.

Kisha wakaketi. Karani mkuu alipovuta kiti nyuma, alimgonga mwenzake mgongoni, na yule wa kwenye kona hakuweza kutoka mpaka wanne wasimame. "Fundi, umetupanga kama vitabu kabatini!" karani mkuu akalalamika. "Nikitaka kupiga chafya niombe ruhusa?"

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amepima meza, akasahau watu. Kesho yake alimketisha kila mmoja, akamwambia asukume kiti, afungue droo, ageuke, huku yeye akichora kwa chaki pale kiti kilipoishia. Akazipanga meza nane mbilimbili zikitazamana, ya tisa akaiweka kando ya ukuta, makabati akayapandisha ukutani, na mlango uliokuwa ukila kona nzima akaugeuza ufungukie nje. Wote tisa wakaenea! Njia ya katikati ni pana hivi kwamba watu wawili wanapishana na vikombe vya chai bila kumwagiana.

Chumba cha kusomea kikabaki chetu. Mwaka jana wasichana kumi na wanne waliosomea humo walifaulu kwenda chuo. Mmoja alichagua usanifu wa majengo.

Asante sana, Fundi. Tunakutakia mapumziko mema, yenye nafasi ya kunyoosha miguu. Ukija kututembelea, kiti chako kipo karibu na dirisha la chumba cha kusomea. Tumekichorea chaki, mpaka pale kinapoishia kikisukumwa nyuma.