Shah Muhtashim Paidar, Aliyeitunga Diwani Yake Mara Mbili

Sayyid Shah Muhtashim, ambaye washairi walimjua kwa lakabu ya Paidar, na ambaye alasiri hii tumemlaza ubavuni mwa baba yake, alizaliwa tarehe 11 Machi 1929 katika zawiya, nyumba ya ibada ya tarika yetu, mtaa wa Rahmatganj, magharibi mwa mji wa Patna, jimbo la Bihar. Alikuwa kitinda mimba wa Shah Ihtisham, mkuu wa zawiya hiyo, na Bibi Khairunnisa wa Gaya. Mimi, Tauqir, ni mtoto wa dada yake. Nimepewa kazi ya kusoma haya kwa kuwa niliishi karibu naye tangu utoto, na kwa kuwa binti yake, Durdana, aliyestahili zaidi kuyasoma, amesema sauti yake haitafika mwisho.

Kurani na Kiajemi alivianza kwa mama yake, jikoni, huku mama akichambua dengu na kumsahihisha bila kuinua uso. Kisha alisoma madrasa ya mtaa, na mwaka 1951 akapata shahada ya Kiajemi katika chuo kikuu cha mjini. Alikuwa na miaka kumi na minne alipopeleka ghazali yake ya kwanza kwenye baraza la washairi na kujichagulia lakabu. Paidar ni neno la Kiajemi: kitu kisichong'oka. Baba yake alicheka sana siku hiyo.

"Mwanangu, jina hilo ni zito," alimwambia. "Ungeanza na jepesi, tukaona kwanza kama mabega yanabeba."

Marehemu alijibu kwa adabu kwamba mabega yangali yanakua.

Nchi ilipogawanyika mwaka 1947, kaka zake wawili walihamia Karachi. Walimtumia salamu mara kwa mara wakimsihi awafuate: huko kulikuwa na kazi, na Kiurdu kilikuwa na wenyewe. Alishawishika, hilo alilikiri mwenyewe. Lakini baba alikuwa mzee, na darsa ya alfajiri ilikuwa na wanafunzi. Aliwajibu kaka zake kwamba anawaombea heri, ila kaburi la babu halina miguu na haliwezi kumfuata Karachi. Hakuhama Patna, na nje ya nchi hakutoka isipokuwa kwa hija.

Tangu mwaka 1953 hadi alipostaafu 1989 alifundisha Kiajemi na Kiurdu katika chuo kimoja cha hapa mjini. Baba yake alipofariki mwaka 1961, alikabidhiwa joho la ukuu wa zawiya, akaendelea na kazi zote mbili. Joho alilivaa siku ya urusi tu, yaani kumbukumbu ya kifo cha babu. Hakupenda kubusiwa miguu. Muridi, mfuasi wa tarika, akiinama, naye huinama, mpaka wote wawili wanajikuta wamechuchumaa chini wakitazamana, na muridi hana budi kucheka. Chuoni mwanafunzi mmoja alimuuliza waziwazi, "Maalim, Kiajemi kitanipatia kazi gani?" Alimjibu, "Kazi ya kukisoma. Nyingine utaitafuta mwenyewe, una miguu." Mwanafunzi huyo leo yupo hapa, ni miongoni mwa waliobeba jeneza.

Alifunga ndoa tarehe 2 Novemba 1956 na Bibi Sughra, binti wa tabibu wa Bihar Sharif. Alipoolewa, Bibi Sughra alijua Kiurdu tu. Kiajemi alikipata nyuma ya pazia, kwa kusikiliza darsa ya mumewe huku akikata vitunguu. Marehemu alikuwa na tabia ya kutunga akitembea uani, kwa sauti, akirudia ubeti mpaka ukae sawa. Kutoka jikoni ilisikika sauti: "Bwana, neno hilo linachechemea." Mara nyingi alibisha. Mara nyingi pia, kesho yake, neno lilikuwa limebadilishwa.

Sasa nifike kwenye Agosti ya mwaka 1975. Wazee wa mtaa huu hawahitaji kukumbushwa: mto Sone ulivunja kingo, na maji yakaingia mjini. Kwetu yalifika asubuhi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nikamkuta mjomba amesimama katika chumba cha vitabu, maji yakiwa magotini. Kulikuwa na masanduku mawili. Moja lilikuwa na maandiko ya kale ya wakfu, ambayo mababu waliyaacha chini ya amana ya zawiya. La pili lilikuwa lake: diwani yake ya ghazali za Kiajemi na Kiurdu, na sherehe, yaani ufafanuzi, aliyokuwa akiiandika tangu ujana juu ya wasia wa mwasisi wa tarika yetu. Nilishika la pili. Akanipiga mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hilo ni langu," alisema. "Shika la watu."

Tulilipandisha la wakfu darini kwa shida, kwa sababu ngazi ilikuwa inateleza na sanduku ni la mninga. Tuliporudi, maji yalikuwa yamefika kifuani na mlango wa chumba hausukumiki. Alisukuma mpaka nikamvuta kwa nguvu. Darini, Bibi Sughra alikuwa amemkumbatia Durdana, akatazama sanduku moja, akamtazama mumewe.

"Lako liko wapi?"

"Chini."

Maji yalipoondoka tulifungua mlango kwa mtaimbo. Karatasi zilikuwa zimegeuka uji, na wino umeacha rangi kwenye tope.

Baada ya hapo alisalisha, alifundisha, alikula alichowekewa, ila hakutunga wala kutembea uani. Mtaani wakaanza kusema amekwisha. Hakim Zulqarnain, mshairi mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa akirushiana naye mafumbo kwenye mabaraza kwa miaka mingi, alikaa kwenye duka la tambuu akasema mbele za watu: "Paidar naye kang'oka." Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya yeye kumaliza kutafuna.

Siku moja Bibi Sughra alikuwa akikanda unga, akaanza kughani mojawapo ya ghazali zilizopotea. Marehemu alikuwa kibarazani, mgongo umeelekea ukuta. Alisikiliza hadi ubeti wa nne.

"Sivyo nilivyosema," alisema.

"Ndivyo ulivyopaswa kusema," alijibu Bibi Sughra, bila kuacha kukanda.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba karatasi.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza upya. Bibi Sughra alikumbuka nyingi kuliko tulivyodhani. Waimbaji wa kasida walikumbuka walizoziimba kwenye urusi. Mjomba alipanda treni kuwafuata wanafunzi wake wa zamani Gaya, Muzaffarpur na Bhagalpur, akikaa vyumbani mwao na kuwaambia, "Sema ulichonacho, hata kikiwa nusu." Wengine walikuwa na ubeti mmoja tu, nao aliuandika kwa shukrani ileile.

Halafu, wakati wa baridi, mlango ulibishwa, na alikuwa Hakim Zulqarnain na fimbo yake. Nilidhani kaja kutukana. Aliketi, akakataa chai, akasema hivi, nami nilikuwepo:

"Shehe, ghazali zako nilizihifadhi ili nizicheke. Kumcheka mtu barabara lazima umjue mpaka nukta. Chukua kalamu."

Alighani kumi na moja, bila kukosea hata moja. Mjomba aliandika kichwa kimeinama, na nadhani aliinamisha hivyo ili tusimwone macho. Mwishoni Hakim akasema sasa atakunywa chai, lakini iwe na sukari, maana mashairi yenyewe hayana. Walibaki marafiki hadi Hakim alipofariki, na mafumbo yaliendelea.

Diwani ilichapishwa mwaka 1983. Palipokuwa na neno la Bibi Sughra lililozidi lake, aliliacha la Bibi Sughra, na katika dibaji akasema hivyo kwa jina lake kamili, ingawa baadhi ya jamaa waliona haya. Ile sherehe hakuna aliyeihifadhi. Aliiandika upya tangu neno la kwanza, ikamchukua hadi mwaka 1991, na alikuwa akisema ya pili ni fupi zaidi kwa kuwa maji yalikuwa mhariri mkali.

Januari 2006 alipata kiharusi, kikamchukua mkono wa kulia na upande mmoja wa ulimi. Daktari alimwambia aache darsa. Alimsikiliza vizuri, akamshukuru, na kesho yake alfajiri akajiburuta hadi msikitini. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwa kufuata mistari ya vitabu vya watoto wa chekechea. Maneno yalipozidi kumwia mazito, alimkabidhi Durdana darsa ya Kiajemi. Muridi wachache walikuja kulalamika kwamba haijapata kuonekana mwanamke akifundisha katika zawiya. Aliwajibu polepole, neno moja moja, na ikabidi wasubiri.

"Aliyenifundisha Kiajemi ni mama yangu. Nikamtake radhi?"

Waliondoka. Wawili kati yao sasa wanawaleta binti zao.

Jumanne wiki hii alikaa kwenye darsa kama kawaida, kwenye kiti chake cha kamba. Msichana mmoja alivunja mizani ya ubeti, naye mjomba akainua kidole cha kushoto, akangoja mpaka msichana akausoma sawa, ndipo akakishusha. Alifariki jana, Jumatano tarehe 14 Oktoba 2009, saa mbili asubuhi, kitandani mwake, Bibi Sughra akimsomea Yasini.

Ameacha mjane, Bibi Sughra. Binti, Durdana, na mumewe, Anzar. Wajukuu Shahzeb na Mahjabin. Sisi watoto wa dada yake. Wapwa na binamu wa Karachi ambao hawakupata viza ya kuwahi. Na wanafunzi wengi. Aliagiza jambo moja tu kuhusu msiba wake, nalo nalitangaza kama alivyolitamka: darsa isilale zaidi ya siku tatu. Basi Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, Durdana atafundisha, na mlango utakuwa wazi kwa anayetaka kusoma.

Ewe Mola, mja wako huyu hakukubali kupumzika alipokuwa nasi. Mpumzishe Wewe, kwa amani yako.