Kaburi Ambalo Kanisa Lilikataa Kuchimba

Nilikuwa ndani ya kaburi, jembe mukononi, nikasikia ninyi munaimba kanisani. Ilikuwa siku ya Mungu, mvua imetoka kunyesha, na udongo wa Kadutu unarudi ndani ya shimo kila nikiutupa inje. Mwili wa bwana yangu ulikuwa pembeni, umefungwa ndani ya mukeka. Sauti zenu zilinifikia muzuri. Nilitambua hata ya Papa Zakaria, muzee wetu wa kanisa, ule anaikaa pale mbele leo.

Wandugu, mumeniomba nishuhudie namna Mungu alinisimamisha tena. Nitasema, lakini nitasema yote.

Mambo ilianzia kule kijiji cha Miti. Ndugu mudogo wa bwana yangu alikuwa anaoa. Munajua desturi ya kwetu: baba ya binti akikupa mulija wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ukikataa umemutukana, na binti hatoki. Bwana yangu alikuwa amebatizwa, pombe aliiacha. Alitia mulija kwa mudomo, hakuvuta, akamupatia mwenzake. Basi. Yosia wetu, ule anapanga wabebaji wa Kanisa, alikuwa anapita pale, akaona, akaleta habari mbio.

Zakaria alimuita mbele yenu.

"Sikunywa, muzee. Niliheshimu tu baba ya binti."

"Na mudomo ulienda kutafuta nini kwa mulija? Hewa?"

Mulicheka. Ndiyo, mulicheka. Kisha Zakaria akatangaza: mutu asiingie kwa nyumba yetu, asikule pale, mpaka mwenyewe atubu. Bwana yangu akasema hawezi kutubu kitu hakufanya.

Sisi tulikuwa tumezoea ninyi. Mugonjwa wetu, Kanisa linamubeba kwa kipoyi, kitanda cha mabegani. Mwenye kuzaa, Kanisa linamuletea kuni. Mimi mwenyewe nimepikia wengi kati yenu. Basi kifua kilipomushika bwana yangu, nilienda kwa Yosia kuomba wabebaji wa kumufikisha hospitali. Alinijibu akiwa ndani, mulango umefungwa: "Mama Furaha, muzee amekataza." Bwana yangu alikufa akiniuliza kama wandugu wamefika. Nikaomba watu wa kuchimba kaburi, na ile pia Zakaria akakataza.

Nani alinitoa ndani ya lile shimo? Maman Velonika, jirani yangu, Mukatoliki, mwenye tulifundishwa kuepuka. Alikuja na bwana yake na mashemeji wake, akanivuta mukono: "Toka, dada. Mujane hachimbi." Walichimba, wakazika. Akaanza sala ya kwao, nikaitika. Tangu pale, moto wangu na chakula changu vilitoka jikoni kwake mpaka nikapata nguvu ya kulima tena. Ni pale nilirudi kuwa mutu.

Aksanti kwake, hata kama hayuko hapa. Aksanti na kwako, Maman Elisi, uliyeniletea unga kupitia nyuma ya migomba. Lakini, dada, uliniletea ukiinama kama mwizi, na ile pia iliniuma.

Nawaambia, wandugu: mutu akianguka, mumubebe kwanza. Kesi mutaikata akipona.

Nimerudi kwenu kwa sababu bwana yangu alibatizwa hapa, na mpaka leo jina lake liko limetengwa. Sasa mukate na kikombe viko juu ya meza ya Bwana. Papa Zakaria, usiangalie chini. Simama, utuambie ni neno gani la Mungu lilikutuma kukataza watu wazike mwenzao. Kisha uondoe mukatazo wako juu ya jina lake, hapa, wote wasikie. Mimi sitaikaa mpaka ujibu, na kile kikombe kisipite.