Hjördis Hallin na Kifaru Kisicho na Kichwa

Familia ya Hallin ilibishana sana kuhusu karatasi hii ya wasifu wa marehemu. Wapo waliotaka iandikwe kwamba marehemu "alifanya kazi ya ofisi," ili wageni wasishtuke kanisani. Aliyekataa ni binti yake Ylva, ambaye ameipinga kazi ya mama yake tangu ujana wake mpaka leo asubuhi. "Mama alichora kifaru cha vita," alisema. "Andikeni kifaru. Asiyependa, kahawa iko ukumbini." Basi imeandikwa hivyo.

Marehemu Hjördis Alfhild Hallin alizaliwa tarehe 14 Februari 1930 katika kijiji cha Näsåker, kando ya mto Ångermanälven. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Eskil Nordlander, aliyekuwa akiongoza magogo mtoni, na mkewe Ragna. Majira ya kuchipua ya mwaka 1940, majirani zetu wa Norwe walipovamiwa, Eskil aliitwa kwenda kulinda mpaka. Aliporudi likizo, binti yake alimuuliza mezani kama jeshi letu lina vifaru.

"Kikosi chetu kina kimoja," Eskil alijibu. "Cha mbao. Tumekipaka rangi vizuri sana, ukikiona kwa mbali unaogopa."

"Na wakija karibu?"

"Wakija karibu tutakipiga teke kianguke, wajikwae."

Meza nzima ilicheka. Hjördis hakucheka. Mdogo wake Sigbritt, ambaye yuko hapa nasi leo, anakumbuka kwamba dada yake aliusukuma mbele uji wake na kusema, "Kwa nini hakuna anayetengeneza cha kweli?" Mama yao akamwambia ale kwanza.

Alisoma shule ya msingi pale pale Näsåker, kisha shule ya kati mjini Sollefteå, ambako alipanga chumba kwa mjane mmoja na kulipia kwa kufua na kupasua kuni. Mwaka 1947 aliingia chuo cha ufundi, katika darasa la michoro ya mitambo. Alikuwa msichana pekee. Mwalimu alimpa meza ya mwisho karibu na mlango ili asiwashughulishe wavulana, na baridi yote ya korido ikawa yake. Hjördis alivaa koti darasani miaka mitatu, akahitimu mwaka 1950, na siku ya kuaga alimpa mwalimu yule mkono uliovaa glavu.

Mwaka 1951 aliajiriwa katika Karakana ya Hultåsen, nje kidogo ya Kristinehamn, na huko ndiko alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1993. Mwanzoni alichora pampu na mashine za kukatia mbao. Mwishoni mwa miaka ya hamsini karakana ilipewa sehemu ndogo ya kazi kubwa: kifaru kipya cha nchi hii.

Vifaru vya wengine vina kichwa kinachozunguka, na mzinga umo kichwani. Wakubwa wa kazi hii waliamua kukiondoa kichwa. Mzinga ulifungwa moja kwa moja kwenye kiwiliwili. Ukitaka kulenga chini, kifaru chote kinapiga magoti. Ukitaka kulenga juu, kinainua kifua. Ukitaka kulenga kando, kinageuka chote. Kilikuwa kifupi kuliko wenzake wote, na ndani yake mmoja wa watu watatu alikaa akitazama nyuma, ili kiweze kurudi kinyumenyume kwa kasi ile ile kinayokwendea mbele. Hjördis hakukibuni yeye, na alikasirika kila aliposifiwa hivyo. Alikuwa miongoni mwa waliochora yale magoti.

Watu walikicheka. Mgeni mmoja kutoka nchi rafiki, afisa mwenye medali nyingi, alipoonyeshwa mchoro aliuliza kama kichwa kitaletwa na treni inayofuata. Wakubwa walitabasamu kwa adabu. Hjördis, aliyekuwa amekuja tu kuleta karatasi, alisema, "Chako ni kirefu, bwana. Mimi nitakuona kwanza." Kwa hilo alikaripiwa. Hakuomba radhi.

Februari 1963 kifaru cha majaribio kilipelekwa msituni, na magoti yakaanza kusumbua kwenye baridi kali. Hjördis aliomba apande ndani auhisi ugonjwa wenyewe. Mkuu wa majaribio, marehemu Sixten Rosenlöf, alimwangalia kuanzia kofia mpaka viatu.

"Bi Hallin, humu hamna nafasi ya sketi."

"Sketi nitaiacha nyumbani."

Kesho yake alifika amevaa suruali ya mumewe, iliyofungwa kwa kamba, na viatu vya manyoya. Rosenlöf alitafuta sababu nyingine, akaikosa. Wakamweka kwenye kiti kinachotazama nyuma. Kifaru kilipita juu ya visiki na mawe yaliyofunikwa na theluji, kikazunguka ziwa, kikarudi. Hjördis alipotoka mdomo ulikuwa umepasuka na suruali imechafuka kwa matapishi. Rosenlöf alimpa leso, akamuuliza ameonaje.

"Kinapiga mateke kama farasi aliyekasirika," alisema. "Tumekichora vibaya, na mimi nimo. Nitaanza upya." Kisha akawageukia vijana waliokuwa wakicheka. "Anayetaka kunicheka akacheke humo ndani. Mzunguko mzima."

Kazi ile ya kuchora upya iliwachukua yeye na wenzake muda mrefu, na haikuwa ya kwake peke yake. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemzuia kupanda, na kila kilichotengenezwa upya alikijaribu kwa mgongo wake mwenyewe.

Marehemu alifunga ndoa na Torbern Hallin, mwoka mikate wa Kristinehamn, tarehe 16 Juni 1956. Walijaliwa watoto wawili: Ylva, mwaka 1958, na Alrik, mwaka 1961. Torbern aliamka alfajiri kukanda unga, hivyo jioni yeye ndiye aliyepika na kuwalaza watoto, jambo ambalo lilisemwa sana mtaani wakati ule. Mteja mmoja alimuuliza dukani, mbele ya foleni, kama haoni aibu mkewe kutengeneza silaha wakati yeye anawafunga watoto nepi.

"Yeye anahakikisha hakuna mgeni atakayekuja kula mikate yangu bila kulipa," Torbern alijibu. "Wewe unachukua ya iliki au ya mdalasini?"

Ylva alipokua alijiunga na watu wa amani. Walipinga silaha zote, za wageni na za kwetu. Alhamisi tarehe 22 Septemba 1983, wafanyakazi wa Hultåsen walipofika asubuhi walikuta vijana wameketi wameshikana mikono mbele ya lango. Katikati yao alikuwa Ylva. Wafanyakazi wengine walirudi nyuma wakasubiri. Hjördis alitembea mpaka alipofika miguuni pa binti yake.

"Ukitaka kuingia, Mama, nikanyage."

"Sijakuzaa nikukanyage."

"Basi rudi nyumbani."

"Nyumbani nitarudi jioni. Saa hizi nina kazi."

Akaenda pembeni, akavua viatu, akavirusha upande wa pili, kisha akaupanda uzio wa waya akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Koti lake zuri lilichanika kuanzia kwapani hadi pindoni. Alipotua, walishangilia wote, wafanyakazi na waliowazuia. Ylva peke yake hakushangilia. Alikuwa analia kwa hasira.

Jioni ile Torbern alipika supu ya njegere na chapati za maji, kama ilivyo kila Alhamisi. Ylva alikuja, akala, akanyoosha mkono.

"Nipe koti nilishone."

"Si wewe uliyesababisha lichanike?"

"Uzio wenu ndio uliolichana."

"Basi uzio ulishone."

Alrik alitaka kucheka lakini alitazama nyuso zao akaacha. Ylva alisema hatakanyaga nyumba ile maadamu mama yake anachora silaha. Hjördis alisema mlango utakuwa wazi na kazi ataendelea nayo. Wote wawili walitimiza walichosema. Ylva alihamia Göteborg. Baba yake alikuwa akimpelekea mikate kwa posta, naye Hjördis ndiye aliyefunga vifurushi, lakini hakuandika humo hata neno. Hata alipostaafu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga simu. Torbern alipofariki mwaka 1994, mama na binti walisimama upande mmoja wa kaburi bila kuongea.

Mwaka 1997 vifaru vile viliondolewa jeshini, na vingi vikapelekwa kukatwa kuwa chuma chakavu. Kimoja cha majaribio kilikuwa kimebaki uwanjani Hultåsen. Karakana ilikuwa imefungwa, na mmiliki mpya wa uwanja alitaka nafasi ya kuegesha malori. Juni 1998 alileta mafundi wa kukata chuma. Walimkuta Hjördis ameketi juu ya kifaru, na mkoba wake magotini.

"Shuka, bibi, tuna kazi."

"Na mimi niko kazini."

Walimbembeleza, wakamtisha kwa polisi, wakaenda kula. Alrik alimpigia simu dada yake. "Mama amekaa juu ya kifaru, hataki kushuka. Mimi hanisikilizi." Ylva alipanda treni. Alifika uwanjani na blanketi na chupa ya kahawa, akapanda juu bila salamu.

"Umekuja kunishusha?" Hjördis aliuliza.

"Hapana. Unakaa vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Ukikaa umekakamaa hivyo, watu wawili wanakubeba. Legea. Uwe mzito kama gunia la viazi. Na usiwajibu, Mama. Ukiwajibu unawapa sababu ya kukusogelea."

"Si unakichukia hiki?"

"Nakichukia sana. Hebu sogea."

Mafundi waliporudi walikuta wanawake wawili wamelala chali juu ya chuma, wamefunikwa blanketi moja, wazito kama magunia. Hakuna aliyewasha moto wa kukatia. Mwandishi wa gazeti la mjini alikuja na kamera, na baada ya picha ile kutoka, mwenye uwanja aliona afadhali akose nafasi ya malori mawili. Kifaru kilisogezwa kando ya barabara, na kipo hapo hadi leo.

Waligombana tena papo hapo kuhusu kibao cha maelezo. Ylva alitaka kiandikwe kwamba kifaru hicho hakikuwahi kumpiga mtu hata mmoja. Hjördis alikubali mara moja, na Ylva akashangaa.

"Unakubali? Maana yake hakikuhitajika."

"Maana yake kilifanya kazi."

Kibao kiliandikwa sentensi hiyo moja, na kila mmoja wao aliisoma kwa namna yake. Tangu hapo Ylva alikuja kila Krismasi na kila kiangazi. Walibishana kuhusu kila kitu, mezani na garini, na Alrik anashuhudia kwamba hajawahi kuona watu wawili wenye furaha namna ile.

Mwaka 2016 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mkono wake wa kulia, uliokuwa ukichora mstari bila rula, ulishindwa kushika kijiko. Daktari alimweleza kwa upole kwamba sasa apunguze mambo. "Nipunguze yapi?" aliuliza, kisha akaenda kununua penseli nene za watoto akaanza kujifunza kuchora kwa mkono wa kushoto. Michoro ile ilikuwa mibaya. Aliibandika yote ukutani.

Vita vilipozuka tena Ulaya mwanzoni mwa mwaka huu, alitaka redio iwashwe kutwa. Ylva alihamia chumba cha karibu naye ili amhudumie. Katika wiki za mwisho za marehemu, akiwa hospitali ya Karlstad na mapafu yameingia maji, Ylva alimwomba jambo moja.

"Mama, sema mara moja tu kwamba nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa mtoto mzuri."

"Hilo sijauliza."

"Najua," alisema Hjördis, akafumba macho, na muuguzi aliyekuwepo anasema alikuwa anatabasamu.

Alifariki Alhamisi tarehe 3 Novemba 2022, saa sita na nusu mchana, mikono yake ikiwa imeshikwa na watoto wake, mmoja huku, mwingine huku. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwasumbua.

Marehemu ameacha binti, Ylva; mwana, Alrik, na mkewe Gunvor; wajukuu wawili, Tyra na Birger; na mdogo wake, Sigbritt, wa Näsåker. Ameacha pia wenzake wachache wa Hultåsen walio hai, ambao tunawaomba waketi mbele.

Hakuomba radhi kwa alichochora, na wala sisi hatumwombei radhi. Binti yake, aliyembishia miaka arobaini, ameomba maneno ya mwisho yawe yake, nayo ni haya: Hatukukubaliana, Mama, na bado hatujakubaliana. Pumzika kwa amani. Mimi nabaki kubishana peke yangu.