Fundi Zipu Anafundishwa Kusafiri

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, mbele ya kibanda cha kutengenezea mabegi, na ukikaa mwishoni kabla mwenzako hajakaa upande wa pili, unabinuka na kahawa yako. Hapo ndipo wanapokutana wataalamu wa safari za nje ambao hawajawahi kusafiri. Usiwacheke. Elimu yao wameipata kwenye mabegi. Watu wanaoruka huku na huko duniani, zipu zikichanika na magurudumu yakivunjika, humletea Fundi Zipu, naye huvitoa vile vikaratasi virefu vya uwanja wa ndege na kuvitundika msumarini. Mwalimu Ramani, mstaafu wa jiografia, huvisoma herufi zake na kuuelezea mji wenyewe mpaka mitaro yake. Transiti, aliyewahi kusukuma matoroli uwanja wa ndege kwa msimu mmoja akafukuzwa, huongeza chumvi. Bi Buli humimina kahawa na kuwaacha waongope. Miaka yote kilikuwa kijiwe cha raha. Siku hii hakikuwa cha raha, kwa sababu jioni Fundi Zipu mwenyewe alikuwa anapanda ndege kwenda kuchukua maiti ya binti yake.

Mara mbili alikuwa ameomba viza ili akamwone akiwa hai. Mara ya kwanza binti alikuwa anahitimu uuguzi, mara ya pili alikuwa amepanga nyumba yenye chumba cha wageni na hana mgeni. Mara zote mbili ubalozini walimjibu kwamba hajawaridhisha kuwa atarudi kwao. Safari hii alipeleka cheti cha kifo, na viza ikatoka kabla kiti alichokalia hakijapata joto. Alitoka pale ameishika pasipoti kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe. Sasa alikuwa kwenye benchi, koti la kuazima likimbana mabegani, akitamani mtu amtaje mwanawe, na akiogopa asije akatokea wa kumtaja.

— La kwanza, fundi, — alianza Transiti, — usikae dirishani. Dirishani ni kwa washamba.

— Akae wapi sasa? — aliuliza Bi Buli.

— Katikati! — alidakia Mwalimu Ramani. — Wahenga walimaliza kazi zamani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Na ndege si chombo? Ngamani ndiyo katikati. Aombe kiti cha katikati, arudi salama.

— Mwalimu, methali hiyo inasema mtu hata azunguke vipi, mwisho atarudi kwao, — alisema Bi Buli.

— Ndiyo nasema. Atarudi kwao kwa sababu amekaa katikati.

Transiti hakupenda kupitwa.

— Kule mlangoni sasa, kwa wale wenye mihuri. Wakikuuliza unakaa siku ngapi, usithubutu kusema tatu. Sema mbili, au ruka useme kumi.

— Kwa nini?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukitaja tatu umekwisha, wanakupeleka shambani.

— Wale hawalimi na jembe, we Transiti, — alisema Mwalimu. Wana matrekta.

— Basi atapewa trekta, na hajui hata kuliwasha!

Bi Buli alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Fundi naye alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mwenye msiba anavyotabasamu ili wafariji wake wasijisikie vibaya. Alijua wanachofanya. Walikuwa wanamzungumzisha ndege ili wasizungumze jeneza. Aliwashukuru moyoni, na papo hapo aliwachukia.

Begi lake lilikuwa limelazwa chini, jeusi, la magurudumu manne, la mteja aliyesema anarudi kesho na asionekane tena. Transiti alikuwa ameleta bunda la nailoni, na tangu asubuhi alikuwa analizungusha begi lile. Aliivuta nailoni kwa meno, akaizungusha tena, akalipigapiga begi makofi.

— Hapa mwizi atazeeka. Nilikuwa naona kule kiwanjani, matajiri wote wanafunga hivi.

— Zungusha na kamba, — alishauri Mwalimu. — Mkono mmoja haulei mwana.

Bi Buli alimkata jicho. Mwalimu akajikuna shavu. Transiti akaona ni kazi yake kufukia shimo hilo, na kwa kawaida yake akachimba jingine.

— Ila kwa uzito tu ndio mmekosea, fundi. Msafiri mzoefu huwa anakwenda na begi nusu. Kurudi ndiko kwenye mzigo.

Pikipiki ilipita, ikamaliza kupita. Transiti alishikilia ncha ya nailoni, mdomo wazi, akitafuta njia ya kuyarudisha maneno yake yalikotoka.

— Fundi, sikumaanisha...

— Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, — alisema Bi Buli taratibu. — Wewe kwako mwepesi. Kunywa kahawa yako.

— Mwache, — alisema Fundi. — Kasema kweli. Kurudi nina mzigo.

Mwalimu, kuokoa jahazi, akauliza swali la maana la kwanza tangu wakae.

— Hebu tuione hiyo viza, fundi. Wasije wakawa wamekosea tarehe. Pasipoti iko wapi?

Fundi alijipapasa kifuani. Akajipapasa mifuko ya suruali. Akaingia kibandani, akapekua kwenye sindano na gundi, akatoka.

— Iko begini.

— Begi lipi?

— Hilo.

Wote wakalitazama begi, limezungushiwa nailoni mpaka linang'aa, kamba juu yake, kufuli tatu chini yake. Kijiwe kizima cha wataalamu kilikuwa kimemfungia msafiri mlango wake mwenyewe.

— Nani kaiweka humo? — alifoka Transiti.

— Wewe ndiye uliyesema vitu vya thamani viwekwe chini kabisa, vifunikwe na nguo, — alisema Mwalimu.

— Nilisema hela!

— Ulisema vya thamani.

Fundi alichukua kisu chake cha kukatia ngozi, akapiga magoti. Aliipasua nailoni kwa mkato mmoja mrefu, akafungua kufuli, akaivuta zipu ambayo yeye mwenyewe aliitia wiki hiyo. Alipoinua shati lake la juu, wenzake wakachungulia. Chini ya nguo zake mbili tatu, begi lote lilikuwa limejaa vitu vya mtu mwingine. Sweta la kijani la kufuma. Soksi nzito. Ndala mpya za kike, bado zimefungwa pamoja kwa uzi wa dukani. Chupa ya mafuta ya nazi iliyofungwa mara mbili isimwagike.

— Aliyepanga begi ni nani? — aliuliza Bi Buli, ingawa alishajua.

— Mama yake.

— Na hajaambiwa?

— Kaambiwa. Alikuwepo simu ilipokuja. Alilia siku nzima, jioni kaamka kachukua sindano, kamalizia mkono wa sweta uliokuwa umebaki. Nikamwambia mama nanii, haya ya nini? Kanijibu kule kuna baridi.

Transiti aligeukia barabarani akajifuta uso kwa kiganja. Mwalimu akasema, kwa sauti isiyo ya ualimu:

— Yatoe, fundi. Utayapeleka wapi hayo? Mizani itakataa.

— Nikiyatoa nitamwambia nini mama yake?

— Mwambie yalizidi uzito.

— Yalizidi, kweli, — alisema Fundi, akalikunja sweta tena vilevile lilivyokuwa limekunjwa, akalirudisha. Alitoa mashati yake mwenyewe na suruali moja, akampa Bi Buli amshikie. Kisha akaitoa pasipoti na kuitia ndani ya koti, upande wa moyo.

Alirudi kwenye benchi. Mwalimu aliogopa ule ukimya, na mwalimu akiogopa ukimya hufundisha.

— Jambo moja hamjaligusa. Saa. Kule unakokwenda saa ziko nyuma. Ukivuka mistari ile ya kwenye ramani, kila mstari unarudishiwa saa moja. Watu wanalala hovyo, wanakula hovyo, kwa sababu hawajaelewa. Unaondoka hapa leo, unaruka weee, unafika leo ileile.

— Acha uongo, — alisema Transiti, aliyefurahi kupata la kubishia.

— Jiografia hiyo! Na kuna mstari mmoja uko katikati ya bahari kubwa. Ukiuvuka kutoka upande huu, unaingia jana. Kabisa. Kalenda inarudi.

— Sasa rubani akiuvuka tena na tena?

— Anaingia juzi, majuzi, anakwenda zake! — alisema Mwalimu, na hapo sayansi ikawa imemtoka mkononi. — Ni mafuta tu yanayowazuia.

Fundi Zipu aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasikiliza kwa masikio yote.

— Mwalimu.

— Naam, fundi.

— Akienda sana, anaweza kufika wiki ile nyingine? Ile ambayo mwanangu alinipigia akasema ana homa, nikamwambia anywe maji?

Mwalimu Ramani alivua miwani. Miaka yote ya darasani alikuwa hajawahi kuulizwa swali lililomfanya aionee aibu dunia.

— Hapana, ndugu yangu, — alisema. — Nilikuwa nakoleza maneno tu. Hairudi zaidi ya siku moja. Na hiyo moja yenyewe ni ya hesabu tu.

— Nilidhani labda.

Bi Buli alimjazia kikombe bila kuulizwa. Fundi hakunywa. Kifua kilimuuma hasa, mahali pale pasipoti ilipolala, na alijua si pasipoti inayomuuma.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja, anavuta kibegi cha kijivu kinachoburuza upande kama mtu mwenye mguu mbovu. Alikuwa kijana, rika la binti yake Fundi, viatu vya raba na simu mkononi.

— Shikamoo baba. Fundi ndiyo wewe? Gurudumu limeng'oka, na kesho alfajiri niko angani tena.

— Marahaba mwanangu. Lete nilione.

— Leo hafanyi kazi, dada, — Transiti aliingilia. — Anasafiri.

— Ni skrubu tu hii, — alisema Fundi. Mikono ilikuwa inaomba kazi. Alilichukua begi, akalipindua magotini.

Mgeni alivitazama vipande vya nailoni vilivyotapakaa chini, akacheka.

— Nani kamfungia mzee begi hivi? Wangemkatia wenyewe kule kwenye ukaguzi. Baba, nikupe mawaidha yangu? Mimi maisha yangu yote ni viwanja vya ndege. Pasipoti isikutoke mwilini. Kaipige picha, mwachie mtu wa nyumbani. Dawa na chaja ubebe mkononi, begi kubwa huwa linapotea. Beba kalamu yako, kule kila mtu anaomba kalamu. Mkono wa begi ufunge kitambaa cha rangi, maana mabegi meusi yote ni mapacha.

Bi Buli alifungua fundo la leso yake ya njano, akatoa vilivyokuwa ndani, akamfungia Fundi leso ile kwenye begi. Transiti na Mwalimu walijikunyata kama wanafunzi waliokutwa wanamfundisha mwalimu mkuu.

— Na pale penye mihuri je? — aliuliza Transiti kwa unyonge. — Wanauliza nini?

— Watu wanapaogopa bure. Wanakuuliza mwenyeji wako ni nani. Ukijibu hilo vizuri, unapita. Mwenyeji wako nani, baba?

Transiti akakohoa. Bi Buli akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

— Binti yangu, — alisema Fundi.

Hakukusudia kudanganya. Ndilo jibu alilokuwa amelikariri kwa miaka, kwa ajili ya viza zile mbili, na mdomo haukuwa umepata habari.

— Aa, basi umemaliza! — Uso wa mgeni ulichanua. — Mwenye mtoto huko hahitaji ushauri wangu wala wa hawa wazee. Mimi nasafiri mpaka nimechoka, na sijawahi kushuka mahali nikakuta mtu ananingoja. Pale nje pa kutokea wanasimama watu, wengine na maua, wengine wanalia kwa furaha, mimi nakatiza katikati yao natafuta teksi. Wewe unatoka tu, unamwona.

Fundi aliendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Alimwona, kweli. Alimwona amesimama nyuma ya kamba, amevaa sweta la kijani, anapunga.

— Umeshamwambia lakini? — aliuliza mgeni. — Anajua unafika saa ngapi?

Mwalimu aliinamia viatu vyake. Transiti alianza kuokota vipande vya nailoni, kimoja kimoja. Bi Buli aliinua buli ili ammiminie mgeni, ajishughulishe na kitu, likatoa matone mawili ya masimbi, machicha ya kahawa, basi. Fundi Zipu alitambua kwamba kesho ataulizwa hivihivi na mtu mwenye muhuri mkononi, kwa lugha asiyoijua, na hapatakuwa na kijiwe cha kunyamaza pamoja naye. Alilisimamisha begi la kijivu chini, akalisukuma kidogo. Lilikwenda vizuri.

Mwanamke alilipokea begi lake, akabaki amesimama, bado anatabasamu, anasubiri ajibiwe.