Verner Halkjær na Sumaku ya Mwenye Nyumba

Wasifu wa marehemu, uliosomwa na Solvej Halkjær, binti wa kaka yake, katika kanisa la Stavlund, Jumamosi tarehe 18 Februari 2023.

Baba mdogo Verner hakupenda hotuba ndefu. Alikuwa akisema kwamba ibada ya mazishi ikichelewesha kahawa, marehemu mwenyewe huanza kutazama saa. Kwa heshima yake nitajitahidi nisipitilize, ingawa maisha yake hayakuwa mafupi wala mepesi kusimulia.

Verner Kjeld Halkjær alizaliwa nyumbani, katika shamba la Halkjær hapa Stavlund, tarehe 3 Oktoba 1951. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Niels Kristian na marehemu Ane Halkjær. Kaka yake Asger, ambaye ndiye baba yangu, alikuwa na umri wa miaka sita, na ndiye aliyetumwa mbio shambani kumwita baba yao. Bibi Ane alitusimulia kwamba Asger alipoonyeshwa mdogo wake, aliuliza kwa adabu kama asingeweza kubadilishwa na ndama. Verner alibatizwa katika kanisa hili, na hapa hapa akapata kipaimara mwaka 1966, akiwa amevaa koti la Asger lililopunguzwa mikono.

Alisoma shule ya kijiji. Darasani hakung'ara, ila kwenye hesabu, na mwalimu wake alilalamika kwamba kila mara bomba la kunawia mikono lilipoharibika, Verner alikutwa karibu. Yeye alishikilia maisha yake yote kwamba lilikuwa limeharibika kabla. Alipomaliza alikwenda chuo cha ufundi Holstebro, akajifunza kazi kwa fundi bomba mmoja wa Lemvig, na mwaka 1971 akapata cheti chake. Shamba lilikwenda kwa Asger, kama ilivyo desturi kwetu, naye Verner akashika mkoba wa spana. Hatukuwahi kumsikia akilalamika.

Mwaka 1975, katika baridi kali, aliitwa Thyborøn kuyeyusha bomba lililoganda katika nyumba ya akina Bjerre. Binti wa nyumba hiyo, Ellinor, aligundua baadaye kwamba kazi ya asubuhi moja ilikuwa imechukua siku mbili, na kwamba baadhi ya mabomba yaliyofunguliwa hayakuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, na Asger akawa msimamizi wao. Mungu aliwajalia watoto wawili, Troels na Dagny. Walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, majirani waliwajengea lango la matawi ya misonobari mlangoni na kuwaamsha kwa tarumbeta alfajiri, kama ipasavyo. Asger ndiye aliyelikata tawi la juu kabisa.

Mwaka 1983 alichaguliwa kuwa mtunzaji wa Chama cha Maji cha Stavlund. Chama hicho ni chetu wenyewe: kisima ni chetu, pampu ni zetu, na kila nyumba ina kura moja. Kwa miaka mingi kila mtu alisoma mita yake mwenyewe mwezi wa Desemba na kuandika tarakimu kwenye kadi. Wengine waliandika walichokiona, wengine walichokipenda. Verner alizitunza pampu zile kama mtu anavyotunza mifugo, na hakuna Krismasi hata moja iliyotukuta bila maji.

Ndipo vikaja vile vidude. Kila mtu hapa anacho nyumbani kwake: kisanduku cha kijivu, hakizidi pakiti ya siagi, kinachofungwa kwenye mita, kuhesabu maji na kutuma hesabu hewani bila waya. Verner alivitaka kwa sababu maji mengi yalikuwa yakipotelea ardhini, na hakuna aliyejua yanapotelea wapi. Alilileta jambo hilo katika mkutano mkuu wa mwaka, tarehe 19 Machi 2015, katika ukumbi wa kijiji, baada ya kahawa na keki.

Yaliyotokea pale wengi wenu mliyaona, na si siri. Asger alisimama akasema kwamba hataki mdogo wake awe anamhesabia mara anazokwenda chooni. Watu walicheka. Kicheko kile kilimwingia Verner vibaya, akajibu mbele ya ukumbi mzima, "Anayeogopa kuonekana ana jambo la kuficha." Asger alikiweka kikombe chake mezani taratibu, akachukua kofia yake, akatoka. Kura zilipigwa, na Verner akashinda. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno lile lilikuwa limekwisha kumwagika.

Hawakusemezana kwa zaidi ya miaka saba. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na sisi sote wa familia tulilima sana miaka ile. Nyumba zao zilitenganishwa na uzio wa michongoma tu, na kila mmoja alijua saa ya mwenziwe ya kwenda sanduku la barua ili asikutane naye. Chama kilikuwa kimeamua kwamba asiyetaka kidude atasomewa mita kwa macho kila Desemba. Aliyekataa alikuwa mmoja tu. Kumsomea, Verner alimtuma mkewe. Mama mdogo Ellinor alikuwa akirudi na tarakimu, na mtungi wa samaki wa siki aliowatia baba yangu kwa mkono wake, na hakuna aliyeuliza ulikuwa wa nani. Ulikuwa ukiliwa hadi mwisho.

Lakini mkutano ule ulimfundisha Verner jambo, na alilishika mpaka mwisho wa kazi yake. Kidude kikitoka kiwandani huwa kimelala ili betri isiishe bure. Kukiamsha, mtu hukipitishia sumaku ndogo ubavuni, na taa ya kijani huwaka. Fundi yeyote angeifanya kazi hiyo mwenyewe na kuondoka. Verner hakuigusa sumaku. Alipiga magoti kwenye shimo la mita, akaifuta mita matope, akafunga kidude, akainua antena juu ya mahali maji yanapoweza kufika. Kisha, kwa simu yake, akakiambia kila mpigo wa mita, yaani kila ishara inayotoka maji yakipita, ni lita ngapi, na mara ngapi kwa siku kitume habari, kwa kawaida mara moja, ili betri ikae miaka mingi. Mwisho alimwita mwenye nyumba, akampa sumaku mkononi. "Nyumba ni yako," alikuwa akisema. "Mwamshe wewe." Kisha walifungua bomba moja na kusimama pamoja, wakitazama mita na simu, hadi tarakimu zilipolingana. Na hesabu za nyumba ya mtu hakuzitazama kamwe, isipokuwa mitambo ilipopiga kengele kwamba maji yanavuja. Hapo aligonga mlango, akavua kofia, akaomba wakasikilize bomba pamoja.

Mwezi Mei 2022 alianza kulalamika maumivu ya mgongo, jambo ambalo lilitushtua, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulalamika. Hospitali ya mkoa iligundua saratani ya kongosho. Madaktari walimweleza ukweli, naye aliwashukuru kwa kutozunguka. Habari zilivuka ule uzio kwa mdomo wangu. Baba yangu alinisikiliza akiwa anamenya viazi, na alivimenya vyote, na vya kesho yake.

Tarehe 20 Agosti, baada ya chakula cha mchana, Asger alikwenda kwa Verner kupitia mlango wa mbele, ambao kwetu hutumiwa na wageni na mchungaji tu. Verner alikuwa amekaa chini ya blanketi.

"Nimekuja kuagiza kile kidude," alisema baba yangu.

"Umechelewa kidogo," alisema Verner. "Siwezi tena kuingia shimoni."

"Basi nitaingia mimi. Wewe utasema."

Hivyo ndivyo mzee wa miaka sabini na saba alivyoingia kwa magoti katika shimo la mita shambani kwake, na mdogo wake mgonjwa akakaa kwenye kiti cha jikoni kilichowekwa katikati ya nyasi, akitoa maelekezo. Nilikuwepo, pamoja na Mama mdogo Ellinor. Ilipofika hatua ya mipigo, Verner aliuliza bamba la mita limeandikwa lita ngapi. Baba yangu alikuwa ameacha miwani mezani na hangekubali kulisema hilo hata kwa kiboko. Alikodoa macho, akasema, "Moja." Verner aliandika moja. Sumaku ilipita, taa ya kijani ikawaka. Safari hii hakudai bomba lifunguliwe. Alisema amechoka, na tukamrudisha nyumbani.

Kesho yake simu ililia kwetu. "Kaka," alisema Verner, "hao ng'ombe wako wamefunga? Kwa hesabu zangu, zizi zima limekunywa chini ya paka wa Ellinor." Ile mita kubwa ya shamba hupiga mara moja kwa kila lita kumi. Ilibidi Verner arudi. Baba yangu alimfuata kwa gari, kwa umbali ambao kuku anautembea, akimcheka njia nzima kwamba fundi mkuu wa Stavlund hatimaye amekosea.

Juzi ndipo Mama mdogo Ellinor aliponiambia. Ile mita Verner mwenyewe ndiye aliyeifunga mwaka 1994, na aliijua kama jina lake. Aliposikia "moja" alijua ni kosa. "Angesahihisha," alisema Mama mdogo, "angekuwa amemaliza. Alitaka sababu ya kurudi." Katika miaka yote ya kazi yake, hicho ndicho kipimo pekee alichokiacha kiende na kosa, na wajumbe wa chama naomba mmsamehe.

Siku ile ya pili ilikuwa ndefu. Mita ya shamba ilirekebishwa upesi, kisha wakala mkate mweusi, wakanywa kijiglasi kimoja ambacho daktari hakupata habari zake. Verner alipotaka kuondoka, Asger aliufungua mlango wa kabati chini ya sinki. Mle ndani, kama katika mashamba yote, kuna mita nyingine ndogo ya maji ya nyumba peke yake.

"Na huyu?" aliuliza.

"Huyo si lazima," alisema Verner. "Hayo ni maji yako ya ndani, kaka. Hayatuhusu."

"Mfunge."

Verner alitoa kidude cha pili mkobani. Walipomaliza, baba yangu aliichukua sumaku bila kuambiwa. Kisha alisema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa masikio yangu: "Mimi asubuhi nikiamka nateka maji ya kahawa. Wewe si una simu? Tazama. Ujue kaka yako yupo."

Basi nyumba ya Asger ikawa nyumba pekee ambayo Verner alizitazama hesabu zake kila siku. Alibadilisha hata mpango wa kidude, kikawa kinatuma habari kila saa. Dagny, ambaye ameirithi kazi ya baba yake na anajua anachosema, alimwonya kwamba kwa mwendo huo betri itakwisha mapema. Verner alimjibu, "Hata mimi, mwanangu." Wakacheka wote wawili, kisha Dagny akatoka nje kwa muda.

Majira ya baridi yalimkuta kitandani, katika chumba kinachotazama uzio. Baba yangu alikuwa akija kila alasiri, kwa mlango wa nyuma sasa. Siku Asger alipolala kupita kiasi kwa mafua, simu yetu ililia kabla hajavaa soksi. "We mzee, uko wapi?" aliuliza Verner. Hakuna kitu kilichomfurahisha baba yangu mwaka ule kama kukaripiwa vile.

Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, Verner hakuweza tena kuishika simu. Ilipofika saa moja asubuhi Mama mdogo Ellinor aliishika yeye, akamsomea: "Lita mbili. Asger ameamka." Verner aliitikia kwa kichwa. Alifariki kabla ya adhuhuri, Ellinor akimshika mkono mmoja na Dagny mwingine, na Troels akiwa njiani kutoka Aarhus.

Leo asubuhi nilimkuta baba yangu jikoni, amevaa suti nyeusi, amesimama mbele ya sinki. Bomba lilikuwa wazi na maji yakienda, ingawa kahawa ilikwisha kuchemka. Nilimuuliza anangoja nini. Alisema, "Nangoja ihesabu. Nisije nikaonekana sijaamka, siku ya leo." Kisha alifunga bomba, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kumzika mdogo wake. Nasikia uchungu kulisoma jambo hili mbele yake, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niliweke.

Tukitoka makaburini bendera itapandishwa kutoka nusu mlingoti hadi juu, kama desturi, na nyote mnakaribishwa kahawa ukumbini, pale pale walipokosana. Mtaona viti viwili vya mstari wa mbele vimeunganishwa, tafadhali msivitenganishe.

Verner Halkjær ameacha mjane, Ellinor, watoto, Troels na Dagny, mkwe, Signe, wajukuu, Viggo, Asta na Liva, mimi, mtoto wa kaka yake, na kaka yake, Asger, ambaye yupo.

Mungu amlaze kando ya maji matulivu, mahali ambapo hakuna kinachovuja wala kupotea.