Ratiba Ilibadilika Bhoke Akiwa Mugeta

Mgeni Rasmi, Profesa Selestina Matiko, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma, Mkuu wa chuo chetu kishiriki, wahadhiri wetu, wanafunzi wenzetu:

Karibu Butiama

Sisi wanafunzi wa muhula wa kiangazi tunakupokea kwa mikono miwili. Tumefurahi kusikia kwamba hukuja kukagua majengo, bali kupanga pamoja nasi muhula ujao kabla haujaanza. Mara nyingi mipango hutufikia ikiwa imeshaiva. Leo tumeitwa jikoni.

Muhula huu ulikotoka na ulipofika

Muhula wa kiangazi uliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi: aliyebakiza somo, mwalimu anayesomea shahada shule zikifungwa, mama aliyeahirisha masomo kwa sababu ya uzazi. Bila muhula huu, somo moja lingemrudisha mtu nyuma mwaka mzima.

Hapo mwanzo ratiba ilibandikwa ubaoni nje ya ofisi ya taaluma. Mwenzetu wa Mugango alikuwa akipanda gari kuja kusoma ubao, kisha anageuza. Ratiba ilipohamia mtandaoni tulishangilia. Aliyeko Iringo anafungua simu dukani kwao, anajua kesho ana kipindi saa ngapi na ukumbi upi. Hayo ni mafanikio, na hatutaki yarudi nyuma. Ila ubao nao uling'olewa wiki hiyohiyo.

Lililompata mwenzetu

Tunamtaja kwa ruhusa yake. Bhoke Werema anasomea ualimu wa hisabati, kwao ni Mugeta. Mwaka jana alikuwa amebakiza somo moja tu, Takwimu, akajiandikisha muhula wa kiangazi ili ahitimu na wenzake. Vipindi vilipokwisha tukapewa mapumziko ya kujisomea kabla ya mtihani. Bhoke akaenda nyumbani, maana pamba ilikuwa imepasuka shambani na mama yake alikuwa anaumwa mgongo.

Kwao mtandao haukai nyumbani. Unapatikana juu ya kichuguu karibu na josho la ng'ombe, na hapo napo ni kwa bahati. Jumapili baada ya misa Bhoke alipanda kichuguu, akafungua mfumo, akaona: Takwimu, Alhamisi asubuhi. Akashuka moyo umetulia. Jumatatu yake ukumbi ukaombwa kwa mkutano, na mtihani ukasogezwa hadi Jumatano. Bhoke wakati huo alikuwa shambani, anachuma.

Jumatano alipanda gari mpaka Bunda, akapanda la Musoma, akashuka Kiabakari na kumalizia kwa bodaboda. Getini akakutana na Stellah, anayekaa naye chumba kimoja hosteli.

"Bhoke, ulikuwaga wapi?"

"Si nimewahi? Mtihani kesho."

Stellah alimpokea begi kwanza. "Tumeufanya leo asubuhi," akasema. "Nilikupigia mpaka nikachoka. Ulikuwa hupatikani."

Bhoke anasema hakulia. Alisimama tu palepale getini, watu wakimpita kushoto na kulia, akimfikiria baba yake. Mzee Werema alikuwa ameshatenga fahali wa mahafali, na ukoo mzima ulikuwa umeonyeshwa. Angeanzia wapi kumwambia mzee yule kwamba amekosa mtihani na wala hakuwa mgonjwa?

Kesho yake alikwenda kwa mratibu wa ratiba, Madam Jenipher. Madam akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe.

"Badiliko liliwekwa Jumatatu, mwanangu. Mfumo ulisema."

"Ulisema, Madam. Lakini ulimwambia nani?"

Madam Jenipher akamuuliza kwao ni wapi. Jumamosi akapanda gari pamoja naye mpaka Mugeta. Alipanda kichuguu na viatu vyake vya ofisini, simu ameiinua juu, ng'ombe wakipita chini kuelekea joshoni. Mzee Werema akamtazama weee, mwisho akauliza, "Mama, na wewe unatafutaga mtandao?"

"Natafuta, mzee."

"Basi shuka unywe uji. Huo hauitwagi. Unakujaga ukipenda."

Madam aliporudi, alimwombea Bhoke mtihani maalumu. Kamati ya mitihani ilimsikiliza, ikasikitika kweli. Lakini kanuni zilimjua mgonjwa na mfiwa tu. Ambaye taarifa haikumfikia hazikumjua. Bhoke akahesabiwa mtoro. Siku wenzake walipovaa majoho, yeye alikuja kuwapiga picha. Fahali akaendelea kula majani.

Tunayoomba

Mgeni Rasmi, hatukuja kumshitaki mtu. Mwaka huu Madam Jenipher ameanza kututumia ujumbe mfupi wa simu kila tarehe ya mtihani inapoguswa, na kila mmoja wetu anajibu kwamba ameupata. Ujumbe huo huingia hata pale ambapo mfumo haufunguki. Lakini ni wema wake mwenyewe, na mtu mwema huweza kuhamishwa. Tunaomba wema huo uwe kanuni.

Tunaomba pia ratiba ya mitihani ikishatangazwa isiguswe kwa sababu ya mkutano. Na ikibidi iguswe, asihesabiwe mtoro mtu ambaye hakuna aliyehakikisha kwamba anajua.

Kuhusu tarehe za muhula ujao, tunaomba zisogezwe mbele kidogo, pamba iwe imetoka shambani. Wengi wetu ndio mikono ya nyumbani. Na ubao, Mgeni Rasmi, ukirudishwa mmoja tu pale getini, hautaudhuru mtandao kwa lolote.

Kwa kumaliza

Huenda umekuwa ukimtafuta Bhoke kwenye viti hivi. Hayupo. Tulimwomba asome risala hii yeye mwenyewe, akasema asubuhi hii ana kazi. Yuko jengo la pili, anafanya Takwimu.

Yule mzee uliyempita akiwa kwenye benchi mlangoni mwa jengo hilo, kofia mapajani, ndiye Mzee Werema. Safari hii amekuja na Bhoke. Tulimfuata tukamsihi aje kukaa nasi hapa, penye kivuli na soda. Akakataa.

"Nikiondoka hapa," alisema, "je wakibadilisha?"

Mgeni Rasmi, Mungu akulinde barabarani, aibariki kalamu utakayopangia muhula wetu, na awape nguvu wote wanaofundisha na wanaojifunza katika mkoa huu. Tunaomba makofi yawe ya chini. Jengo la pili bado wanaandika.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Muhula wa Kiangazi,
Chuo Kikuu Kishiriki cha Nyaruga, Butiama.

Imesomwa kwa niaba yao na Amos Chacha.